Mshale wa pili kwa kulungu: kupiga tena au kungoja?

Mwana Mafinga

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni. Nipo likizo nyumbani Mafinga, lakini kazi yangu iko Wisconsin, Marekani, ambako msimu wa kuwinda kulungu wenye mkia mweupe kwa upinde hufunguliwa katikati ya Septemba. Msimu uliopita, nikiwa juu ya ulingo, nilimpiga jike mmoja kutoka mita 20 hivi, na mshale ukapita nyuma ya mbavu. Alikimbia kidogo, kisha akasimama kwenye mita 30, mgongo umepinda, kichwa kimeinama, ubavu wote uko wazi kwangu. Mshale wa pili ulikuwa mkononi, lakini niliwahi kufundishwa kwamba mnyama aliyejeruhiwa aachwe atulie, basi nikamwangalia akiondoka polepole. Niliposhuka baada ya saa moja nilikuta mahali alipolala, majani yamelazwa, damu kidogo iliyochanganyika na uchafu wa kijani, na yeye mwenyewe hayupo. Hatukumpata hata kesho yake. Naomba tulinganishe: ningepiga tena, au kosa langu lilikuwa jingine?

Mzee wa Idodi

Marahaba, mwanangu. Kulungu huyo hayupo katika nchi yetu. Anayemkaribia kwa umbo ni pongo. Mimi nilikuwa mfuata nyayo katika vitalu vya uwindaji wa kitalii upande wa Rungwa, ambako mnyama akijeruhiwa na kupotea, mgeni humlipia kama aliyeuawa. Kambini tulishika neno moja: maadamu bado amesimama na unamwona vizuri, piga tena. Ni kweli sisi tulitumia bunduki, lakini naona kwa upinde sababu ina nguvu zaidi, kwa kuwa mshale hauui kwa kishindo, bali huua kwa kukata mishipa na kumwaga damu. Ukikata utumbo tu, umemwachia mateso ya saa nyingi. Ungepiga.

Fundi wa Makambako

Kwa heshima zote, Mzee, mimi ningengoja. Mshale wa upinde wa kapi, ule wenye magurudumu madogo kwenye ncha zake, huenda karibu mita 90 kwa sekunde, na sauti huenda mita 340 hivi. Kwa umbali wa mita 30, mlio wa upote, yaani kamba ya upinde, humfikia mnyama kabla mshale haujamaliza theluthi moja ya njia. Kulungu aliyekwisha kushtuka hujikunja ili aruke, mshale ukapita juu ya mgongo au ukampata pabaya zaidi. Halafu kutoka ulingoni kuna matawi, na kijiti chembamba kinatosha kuupotosha mshale. Mnyama anayekimbia ndiyo kabisa usimguse.

Dada wa Uyole

Mimi ni afisa mifugo, nami ningependa tuanzie ndani ya mwili, maana swali hili halina jibu moja kwa kila jeraha. Mshale ukipita mapafu yote mawili, damu huwa nyekundu angavu yenye povu, na mara nyingi mnyama huanguka katika sekunde chache, kabla ya kufika mita 100. Hapo wa pili si wa lazima, ingawa akisimama wazi hakuna ubaya kumwongezea. Ini hutoa damu nyeusi nyeusi, na wafuatiliaji hungoja saa 3 hadi 4. Utumbo ndio mgumu, kwa sababu hauna mishipa mikubwa ya kumwaga damu kwa haraka, na mnyama anaweza kuishi nusu siku au zaidi. Mgongo uliopinda na kichwa kilichoinama ni dalili ya utumbo, ndugu yangu. Kwa hiyo nakubaliana na Mzee kuhusu mshale, lakini kosa kubwa kuliko hilo ni ile saa moja. Ungengoja angalau saa 8, huenda ungemkuta palepale alipolala, wewe ulimwamsha.

Fundi wa Makambako

Dada, Septemba kule bado kuna joto. Nyama je?

Dada wa Uyole

Inaweza kuharibika, ndiyo, na hiyo ni sababu nyingine ya kutumia mshale wa pili anaposimama. Lakini kumkurupusha hakuokoi nyama, kwani atakwenda mbali huku damu haidondoki.

Mzee wa Idodi

Fundi anasema kweli juu ya mnyama aliyeshtuka, masikio yamesimama na shingo juu. Huyu alikuwa ameinama. Mnyama mwenye maumivu ya tumbo hasikilizi upote. Kama amegeuka mshazari akielekea mbali nawe, lenga nyuma ya mbavu za mwisho, mshale utokee bega la upande wa pili.

Mwana Mafinga

Nawashukuru. Nimeona pia kwamba nilipoteza muda kumtazama badala ya kuangalia mshale wa kwanza ulipoingia. Nikirudi nitafanya mazoezi ya mishale miwili mfululizo kwenye gunia la nguo kuukuu, wa pili kutoka mita 30, nikiwa nimekaa juu. Kama sitaweza kulipata gunia mahali pamoja kila mara kwa umbali huo, basi kwa kulungu nitangoja, na saa 8 nitazihesabu kwa saa ya mkononi.