Mfarishi wa mtoto wa Achieng'

Atieno: Jioni njema wote. Nimetoka soko la Kibuye na kitenge chekundu na pamba nyeupe ya bitana. Nataka kumshonea mtoto wa Achieng' mfarishi wa viraka, wa kujifunika. Nikate leo au nifue kwanza?

Shangazi Peres: Weka mkasi chini, mwanangu. Fua.

Odhiambo: Kitambaa kipya kimekaza, kinakatika vizuri. Ukifua kinalegea.

Shangazi Peres: Kweli Odhi, ni ile wanga. Lakini wanga unairudishia: chemsha unga wa muhogo kidogo na maji mengi, nyunyiza, piga pasi kikiwa na unyevu. Rangi ikishaingia kwenye nyeupe ndiyo kazi. Mnakumbuka mfarishi niliomshonea Dani? Nilikata siku ileile niliyonunua. Kufuliwa mara ya kwanza tu, wekundu ukaingia viraka vyote vyeupe. Tena pamba inaweza kurudi sentimita 3 hadi 5 kwa kila mita, na kile kitenge hakikurudi sawa nayo. Mishono ikajivuta kama mdomo wa mfuko wa kamba.

Atieno: Lakini Dani bado anajifunika nao, Shangazi.

Shangazi Peres: Anajifunika, Mungu ambariki. Kila nikienda kwake Seme macho yangu yanaenda kwenye kile kiraka cha katikati.

Mama Brayo: Na vile vipande vidogo vya kutoka kwa fundi?

Shangazi Peres: Hivyo usifue, vitafumuka nyuzi vikuishie mkononi. Lowesha kitambaa cheupe, kiweke juu ya kipande, kandamiza na pasi ya moto. Cheupe kikishika rangi, kipande hicho weka kando. Na kile kikubwa, Atieno, kikate ncha za pembe zote nne kabla ya kuloweka, hakitafumuka sana.

Odhiambo: Mama alikuwa anatia chumvi na siki.

Shangazi Peres: Nilitia pia. Rangi ya kiwandani haisikii chumvi. Maji tu, mengi, ubadilishe mpaka yatoke safi.

Atieno: Achieng' nimwambie aufue vipi?

Shangazi Peres: Maji baridi, sabuni kidogo, na asiukamue kwa kuusokota. Aubonyeze ndani ya beseni. Mfarishi uliolowa ni mzito mno, ukining'inia kwenye kamba moja mishono inakatika. Autandaze juu ya kamba tatu, kivulini, bitana ikiwa juu. Kuuweka, autie kwenye foronya ya pamba. Plastiki hapana, kwa unyevu huu wa ziwa utaota ukungu. Na mara kwa mara aukunjue, aukunje mahali pengine, usije ukakatika kwenye mkunjo.

Mama Brayo: Nimehifadhi hii.

Atieno: [Picha] Beseni ya tatu. Maji bado mekundu!

Shangazi Peres: Mwaga, tia mengine.