Gemu la Maji Maji: watu waasi kwa kipimo cha hasira au kwa dawa?

Mwanzisha mada:
Wakuu, natengeneza gemu la mikakati la Maji Maji, vita vya watu wa kusini dhidi ya Mjerumani, 1905 hadi 1907, nimekwama kwenye uasi wenyewe. Magemu mengi yanaupa kila mkoa kipimo cha hasira: kodi ikipanda kinapanda, kikijaa watu wanaasi, ukipeleka askari kinashuka. Lakini pale Nandete, kwa Wamatumbi, waling'oa pamba, na miezi miwili haikuisha moto ukawa Liwale na Mahenge, kwa watu wasio na mfalme mmoja. Kilichosafiri ni maji, dawa iliyoaminika kugeuza risasi kuwa maji. Nataka wajumbe watembee na dawa kijiji kwa kijiji, Mjerumani asiwaone kwenye ramani. Wahehe nimewaweka upande wake tangu mwanzo. Mnaonaje?

Mtu wa Iringa:
Tangu mwanzo? Zelewski, kamanda wa Kijerumani, nani alimmaliza pale Lugalo 1891 kama si sisi Wahehe? Kalenga, ngome yetu, ilipigwa mizinga 1894, mtemi wetu Mkwawa akapigana porini hadi akajipiga risasi 1898. Miaka saba baadaye ulitaka tuinuke na nini? Rekebisha hilo kabla ya kingine chochote.

Mngoni:
Ndugu, hujatukanwa. Mimi kinachoniuma ni neno "uasi". Muasi humgeuka mtawala wake halali. Ile ilikuwa vita. Hapa Songea, 27 Februari 1906, wazee wetu walinyongwa kwa makumi, na kichwa cha nduna (kiongozi wa vita) Songea Mbano tunakitafuta hadi leo. Rais wa Ujerumani alikuja 2023 akaomba msamaha. Sasa wewe unatuandikia "waasi" kwenye skrini?

Mtu wa Iringa:
Fuvu la Mkwawa nalo lilirudi 1954 tu. Usinipimie msiba.

Mmatumbi:
Jamani, mwenzetu kauliza gemu liendeje. Bibi yangu akichemsha ming'oko, viazi vya porini, alikuwa anatuambia hicho ndicho kilichomlea mama yake baada ya vita, maana ghala zilichomwa na mashamba yakachomwa. Njaa iliua kuliko risasi. Weka kitufe cha kuchoma chakula, na anayekibonyeza aone vijiji vikibaki vitupu.

Binti wa Kilwa:
Sawa, lakini picha ulizoweka: kila akida, msimamizi aliyewekwa na Mjerumani, kavaa kanzu. Ni kweli wengi walitoka pwani. Na jumbe, mwenyeji wa kijiji, aliyewasimamia wenzake kwenye shamba la pamba, yuko wapi? Msitubebeshe lawama sisi wa pwani peke yetu.

Mngoni:
Dada, kodi ilidaiwa na nani?

Binti wa Kilwa:
Ilidaiwa na Mjerumani! Aliyetumwa hata kwenu alikuwepo.

Mwanzisha mada:
Nimeifuta "tangu mwanzo". Kila jamii itaanza na majeraha ya vita vyake vya nyuma: iliyopigwa karibuni itakuwa nzito kupokea dawa. Kitufe cha njaa naweka, na jumbe namchora leo.

Mngoni:
Na neno?

Mwanzisha mada:
Kwa anayecheza upande wetu litaandikwa "vita". Kwenye barua za gavana litabaki "uasi", ndivyo walivyotuita.

Mngoni:
Hapo hatujakubaliana.