Kubuni mawazo: kila mtu kivyake au kikundi?

Mtoa mada: Wakuu, ofisini kwetu tukitaka wazo la tangazo tunaitwa wote mezani, bosi anasema mwageni mawazo, saa nzima wanaongea wawili tu wengine tunachezea simu. Hivi kikundi kinabuni kweli kuliko mtu mmoja mmoja?

KalamuNyeusi: Mbona hilo lilishapimwa kitambo. Alex Osborn, mtu wa matangazo huko Marekani, ndo alieneza hii staili ya kumwaga mawazo kwa pamoja, ila 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale wakalinganisha vikundi vya watu wanne dhidi ya watu wanne waliofanya kila mmoja kivyake halafu majibu yao yakajumlishwa, walio kivyao wakatoa mawazo mengi zaidi. Baadaye 1987 watafiti wengine, Diehl na Stroebe, wakaonyesha kikwazo kikubwa ni foleni, unasubiri mwenzio amalize kuongea, wazo lako linayeyuka au unaliona la kijinga unanyamaza.

mama_ubunifu: Sawa ila usisahau msimamizi. Akiwepo aliyefundishwa hiyo kazi, anakata stori, anarudisha mada ikilala, hakuna kukosoana, kikundi kinaweza kuwafikia kabisa hao wa kivyao. Bosi wako si msimamizi, huyo ni bosi, watu wanamsoma uso kwanza.

Mtoa mada: Duh kweli, akikunja uso tu kimya. Kwa hiyo nifanyeje?

KalamuNyeusi: Kila mtu aandike peke yake dakika kumi, karatasi zisiwe na majina, ndo mkae kuchambua. Bosi aongee wa mwisho, kama atakubali lakini 😂