Sauti za Busara: kulala kwa familia Mkunazini, Michenzani au Bububu, wapi kuna nafuu ya kweli?

Mwananyamala_Mjini

Wakuu habarini. Tupo watatu, mimi na wenzangu wawili wa kazini, wote wanawake, tunataka kuvuka kwenda Unguja kwa ajili ya Sauti za Busara, siku zote za tamasha la muziki. Bei za hoteli za Mji Mkongwe msimu ule zinatisha, na wiki ya tamasha ndiyo usiseme. Tumeamua kutafuta familia inayopokea wageni. Mpaka sasa nina hizi mkononi:

Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe. Chumba kimoja, vitanda viwili na godoro la ziada, feni, choo cha kushirikiana na wenyeji. Elfu tisini kwa usiku, chai ya asubuhi imo.

Michenzani, kwenye maghorofa. Bibi anaishi na mjukuu wake, anatupa vyumba viwili. Elfu sabini vyote viwili, chai imo, chakula cha mchana unalipia kando.

Bububu. Nyumba ina uwanja mkubwa, chumba kina AC na choo humohumo. Elfu hamsini na tano, bila chai.

Kuna na rafiki anayesema tuachane na familia, tuchukue vitanda hosteli Mji Mkongwe, elfu arobaini kwa kichwa.

Kwa hesabu ya harakaharaka Bububu ndiyo nafuu. Waliowahi kukaa huko mnasemaje?

Mtoto_wa_Kikwajuni

Karibu Unguja dada. Umehesabu usiku wa kulala, usiku wa kurudi hujauhesabu.

Muziki Ngome Kongwe unakwenda mpaka saa saba, siku nyengine unapita. Saa hizo daladala ya 502 ya Bububu ishalala zamani. Itabaki teksi, na dereva wa teksi wiki ya tamasha anakutajia elfu ishirini na tano bila kupepesa, na mtampa, kwa sababu hamna njia nyengine. Bodaboda ni rahisi lakini watatu ni bodaboda tatu, na mie sikushauri mwanamke mgeni apande bodaboda asiyemjua saa nane za usiku mpaka Bububu. Basi 55 jumlisha 25 ni themanini, na chai bado hamjanywa.

Michenzani mnarudi kwa miguu. Mkitoka Ngome Kongwe mnapanda Barabara ya Kenyatta, mnapita Vuga, Mnazi Mmoja, mnakatisha, mshafika. Dakika ishirini na kitu kwa mwendo wa mtu aliyecheza ngoma. Wiki ile njia haikosi watu wanaorudi Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe. Tembeeni na kundi tu, msijifanye kukata vichochoro.

Ila kabla hujamwambia bibi ndiyo, muulize yuko ghorofa ya ngapi. Maghorofa yale ya miaka ya sabini hayana lifti, na maji mara nyingi hayapandi juu. Watu wanabeba madumu.

Kijana_wa_Likoni

Mimi hutoka Mombasa kuja Busara na nalala hosteli. Nikiwa peke yangu hakuna kinachoishinda. Mwenye nyumba hata akikuwekea chumba kwa elfu sitini unakilipa chote, ilhali kitanda ni arobaini. Unarudi saa unayotaka, mtu wa mapokezi yuko macho, hakuna anayekuuliza umetoka wapi.

Usingizi usahau lakini. Chumba cha watu wanane, huyu anaingia saa nane, yule anaingia saa kumi anatafuta chaja kwa tochi ya simu, na saa kumi na mbili mwingine anafunga begi kuwahi boti. Nenda na kufuli yako ya kabati. Nyinyi watatu mtalipa mia na ishirini, kwa pesa hizo mimi ningechukua nyumba ya mtu nikanywa chai ya maana.

Kitu kimoja uulize: bei ya hosteli ni ya dola au ya shilingi? Nyingine zina bei mbili, ya mgeni na ya Mtanzania, na mtandaoni huonyeshwa ya mgeni peke yake. Ukipiga simu kwa Kiswahili bei huwa nyingine.

Bint_wa_Vuga

Assalaam alaykum. Mimi niko Maskati lakini nyumba yetu iko Vuga na shangazi yangu hupokea wageni kila tamasha, kwa hiyo niruhusuni niseme upande wa mwenye nyumba, maana huku watu wanajadili bei tu.

Suala kubwa ni mlango. Nyumba zetu za mjini zina mlango mmoja mkubwa wa mbao, na usiku unatiwa komeo kwa ndani. Ufunguo wa nje haufui dafu mbele ya komeo. Mgeni akirudi saa nane, lazima mtu ateremke amfungulie. Shangazi ana miaka yake, anasali Isha, anakula, analala, alfajiri yuko macho. Ukimwamsha siku ya kwanza atakufungulia kwa tabasamu. Siku ya tatu tabasamu halipo.

Muulizeni wa Mkunazini wazi kabisa: "Usiku wa tamasha nani atafungua mlango?" Kama kuna kijana wa nyumba anayekesha, au familia iko tayari kuacha komeo na kutumia kitasa siku zile, sawa. Akijibu "njooni tu, hamna tabu", ujue hajafikiria. Shangazi alikuwa akijibu hivyohivyo, mpaka mwanawe akaweka kitasa cha pili ghorofani na mgeni anapewa funguo mbili.

Mengine mnayajua: viatu mnaviacha mlangoni, mabega na magoti yamefunikwa mkiwa ukumbini, pombe haiingii ndani hata ikiwa kwenye mkoba. Anayetaka bia zake aende hosteli, hatutagombana. Nyinyi wanawake watatu ni wageni wepesi kupokelewa. Mtu na mpenzi wake ndio hupata shida, kwetu tunauliza cheti.

Na mwenyeji wa halali hufanya mambo mawili: ameandikishwa Kamisheni ya Utalii, na anampa taarifa sheha, kiongozi wa mtaa, kwamba ana wageni. Mkiombwa majina na vitambulisho msione mnapelelezwa.

Upepo_wa_Kusi

Mbona hakuna aliyetaja Paje? Bahari, upepo, vyumba bei poa. Mchana mnaogelea, usiku mnakwenda kwenye muziki.

Mtoto_wa_Kikwajuni

Paje ni kilomita kama hamsini, dada. Kwenda zaidi ya saa nzima, na kurudi usiku ni gari ya kukodi. Nendeni tamasha likiisha.

Upepo_wa_Kusi

Ni kaka. Haya, nimenyamaza.

Mama_Tegeta

Mwananyamala, mimi nitasema habari ya joto, maana naona mmelipita. Msimu ule ni kaskazi. Mchana unatoka jasho umekaa, na usiku ndani ya vichochoro upepo hauingii kabisa. Chumba cha ghorofa ya chini au ya kati katika nyumba ya mawe kina unafuu, kuta ni nene. Chumba cha juu kabisa chini ya bati ni tanuri, feni inakupulizia moto tu. Wewe umeambiwa "kuna feni", hujaambiwa chumba kiko wapi. Omba akupigie simu ya video saa nane mchana, akiwa amesimama ndani ya chumba chenyewe. Utaona dirisha, utaona chandarua, utaona na jasho lake.

AC ya Bububu nayo iulizie: umeme nani ananunua? Zanzibar wanatumia TUKUZA, mtu ananunua uniti kama sisi na LUKU. Kuna wenyeji wanaokupa chumba kwa bei ya chini halafu uniti za AC zinakuwa juu yako. Si wizi, wengine wanasema mapema, ila ukijumlisha ile hamsini na tano inaota miguu.

Halafu malipo. Usitume pesa yote kwenye simu. Mwaka 2016 tamasha halikufanyika kabisa, waandaaji walikosa fedha, na aliyelipa chumba kamili angebaki kubembeleza kurudishiwa. Tuma ya usiku mmoja, iliyobaki unalipa ukishaona kitanda. Na hata hiyo ya usiku mmoja usiitume kabla tarehe hazijatangazwa rasmi. Tumezoea kusema Busara ni katikati ya Februari, lakini Ramadhani inarudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka, na ya 2027 inaangukia mwanzoni mwa Februari. Tamasha la muziki haliwezi kuwekwa ndani ya mfungo Unguja. Anayekuuzia "chumba cha wiki ya Busara" kabla ya tangazo anakuuzia kalenda yake mwenyewe.

Kijana_wa_Likoni

Mama Tegeta umesema kweli. Ongeza na mapapasi, madalali wa wageni, wa pale bandarini Malindi. Ukishuka na begi wanakuvaa: "chumba kipo, kwa mama yangu, karibu na Ngome". Wengine wana chumba kweli, lakini cha juu yake ni chao, mwenye nyumba anapata nusu. Ukiwa na namba ya mwenyeji mpigie aje akupokee hapohapo nje ya geti.

Mwananyamala_Mjini

Jamani asanteni, nimepiga simu zote.

Bibi wa Michenzani yuko ghorofa ya sita. Nilipomuuliza maji akacheka, akasema mjukuu ndiye mchotaji, na kila mgeni anapewa dumu moja asubuhi na moja jioni. Mlango wake ni wa kawaida, funguo anatukabidhi, harudi kutuuliza.

Mkunazini nimezungumza na baba mwenye nyumba. Habari ya mlango ameshangaa kuulizwa, akaenda kuongea na mkewe, akarudi na jibu kwamba kijana wao atakuwepo tamashani kila usiku, turudi naye. Chumba si cha juu, kiko ghorofa ya pili kati ya tatu. Bei ameshuka mpaka themanini tukikaa siku zote.

Bububu AC ni uniti zetu. Nimeitoa.

Sasa ni sabini ya ghorofa ya sita na madumu, au themanini ya hatua chache kutoka kwenye muziki lakini tunamfuata kijana wa watu. Mwenzangu mmoja ana goti bovu.

Bint_wa_Vuga

Kijana wa watu atachoka saa tano au atakutana na marafiki zake asitake kurudi mpaka alfajiri. Mimi nakwambia kama dada. Omba kitasa.

Mtoto_wa_Kikwajuni

Mwenye goti bovu ghorofa ya sita hapana. Kupanda si mara moja. Mtatoka asubuhi, mtarudi mchana kukimbia jua, jioni mtashuka tena, usiku mtapanda tena. Mkiwa Mkunazini mnaweza kurudi mchana mkalala kwa saa moja halafu mkaondoka tena. Mie ni mtu wa Ng'ambo na ningependa pesa zenu zibaki kwetu, lakini kwa goti lile kaeni mjini.

Na mkiwa Mkunazini mko nyuma ya Darajani, chakula hakitawasumbua. Asubuhi mkate wa ufuta na mbaazi za nazi, jioni urojo. Forodhani nendeni mkatazame, mkila kila usiku bajeti itavuja hapo. Ulizeni bei kabla hajaweka mshikaki kwenye sahani, si baada.

Mama_Tegeta

Ile elfu kumi ya tofauti kwa watu watatu ni elfu tatu na kidogo kila mmoja. Chukueni Mkunazini. Ila mwambie awawekee siku ya mwisho mabegi mpaka boti ya jioni, bila kulipia usiku mwingine. Wengi wanakubali ukiomba mwanzo, ukiomba asubuhi ya kuondoka wanakutazama.

Mwananyamala_Mjini

Nimempigia tena. Kitasa amekubali, anasema fundi ni mpwa wake, atakiweka wiki hii, gharama juu yake kwa sababu "na wageni wa baadaye watauliza". Mabegi sawa. Malipo ya usiku mmoja tu, na nimemwambia nitayatuma tarehe zikitangazwa, hakukasirika.

Bibi wa Michenzani nimemwomba radhi. Ameuliza kama tuna ndugu vijana wenye miguu mizima awapangishe.

Kijana_wa_Likoni

Mpe namba yangu bibi. Tuko wanne kutoka Mombasa, madumu tutajichotea wenyewe, mjukuu apumzike.

Mtoto_wa_Kikwajuni

Mwananyamala, la mwisho: vitambulisho mje navyo mkononi, si picha kwenye simu. Kwenye boti wanavitaka, na tiketi ya tamasha ya Mtanzania ni rahisi mbali na ya mgeni, mlangoni Ngome Kongwe wanaweza kukwambia uonyeshe.

Mwananyamala_Mjini

Mmoja wetu NIDA yake bado ni namba tu, kadi haijatoka. Aje na nini?

Mtoto_wa_Kikwajuni

Pasi ya kusafiria kama anayo, au kitambulisho cha mpiga kura. Akapige kopi mbili kabisa, moja ampe baba wa Mkunazini kwa ajili ya sheha.