Majina ya glifu za tenzi zetu: jina la kwetu, ainThreedotsabove-ar au uni06A0?

fundi_kibokoni
Assalaam aleikum wenzangu. Natengeneza fonti ya kuandikia tenzi kwa herufi za Kiarabu, zile za pwani zenye p, ch, v na ng'. Michoro nimeitoa kwenye barua za marehemu babu, zilizoandikwa kwa kalamu ya mwanzi. Glifu, yaani michoro ya herufi ndani ya fonti, nilizipa majina yetu: nga_mwanzo, nga_kati, nga_mwisho. Kwenye skrini safi, kwenye karatasi safi. Juzi duka moja la uchapaji likanitolea PDF, na mteja akatafuta neno ndani yake asilipate. Nikanakili ubeti nikaubandika: umejaa mapengo. Kila ڠ (ng' yetu) iliyoungana na mwenzake imepotea. Iliyosimama peke yake ipo.

Njia ninazoziona ni tatu: nibaki na majina yangu, nifuate ya programu ya Glyphs (ainThreedotsabove-ar), au niandike uni06A0, yaani uni pamoja na namba ya ڠ katika yunikodi, orodha ya kimataifa ya namba za herufi. Nisaidieni, kazi hii naipenda na sitaki iharibike.

mchora_mabango
Wa aleikum salaam kaka. Kilichokuponza ni kistari cha chini. Katika kanuni za Adobe za kusoma majina, "_" hutenganisha herufi zilizoungana: f_i ni f na i. Kwa hiyo nga_mwanzo husomwa kama muungano wa "nga" na "mwanzo". Hakuna hata moja iliyomo kwenye orodha yao, basi jibu ni tupu. Umbo huandikwa baada ya nukta, na kila kinachofuata nukta ya kwanza hakihesabiwi. Ukiandika uni06A0.init, msomaji anapata ڠ.

Ile ya peke yake imesalimika kwa sababu ina namba yake ya yunikodi ndani ya fonti. Maumbo ya mwanzo, kati na mwisho huitwa na sheria za init, medi na fina, na hayana namba. PDF isipobeba ramani ya maandishi, ile inayoonyesha kila glifu ni herufi gani, kinachobaki cha kushika ni jina tu.

binti_mvita
Mimi ni wa Glyphs, na nasimama na jina refu. Sheria zikiwa nyingi, peh-ar.init naisoma mara moja, uni067E.init hunilazimu nifungue jedwali. Kistari "-" hakiruhusiwi kwenye fonti iliyokamilika, lakini programu hukigeuza yenyewe wakati wa kutoa faili: peh-ar inakuwa uni067E. Usizime ugeuzaji huo tu. Ubaya wake: ni ya Mac peke yake, tena ya kulipia.

mzee_wa_feri
Asiye na Mac ashike FontForge, programu nyingine ya kutengenezea fonti, ni ya bure. Hapo nakushauri uni06A0 moja kwa moja, tena kwa herufi kubwa, uni06a0 haikubaliki. Jina lisianze kwa tarakimu, wala lisizidi alama 63.

Na msirudi kwenye yale majina ya zamani yanayoanza na afii na kufuatiwa na tarakimu. Nilirithi fonti ambamo p ni afii57506 na ch ni afii57507. Zinasomeka kwa kanuni, lakini macho yangu yaliziona zote sawa, na siku nzima nilikuwa nikiunganisha p mahali pa ch.

binti_mvita
Mzee wangu, na ile ng' ya khanga, kwa herufi za Kilatini?

mzee_wa_feri
Jina lifuate alama uliyoichora, dada. Iliyonyooka ni quotesingle, iliyopinda ni quoteright, na ile yenye namba ya yunikodi U+02BC ni uni02BC. Ukiunganisha g na iliyopinda, andika g_quoteright. Hapo kistari cha chini ndipo mahali pake.

fundi_kibokoni
Nimechagua uni, kwa kuwa natumia FontForge. Jana usiku nilibadilisha majina yote, nikasahau faili ya zile sheria za init, medi na fina. Ikagoma kwa kuwa bado ilikuwa ikimtafuta nga_kati. Nimeisahihisha mstari kwa mstari. Nikatoa PDF upya, nikanakili neno "ng'ambo": ڠامبو, limetoka zima! Kusema kweli nilimwita mama aje aone.

Limebaki moja: lamu-alifu ya mwisho wa neno niiite nini?

mchora_mabango
uni0644_uni0627.fina. Nukta moja tu, mwishoni baada ya zote mbili.