Nataka kwenda Bangkok kufata mzigo mwenyewe ila nyumbani wananitisha, usalama wa kule ukoje?

MamaShani_Kkoo
Wakuu habari za jioni. Nina duka la nguo za kina mama Kariakoo, miaka yote nachukua mzigo kwa jumla kwa watu wanaotoka Bangkok na China, sasa nikipiga hesabu naona anayeniuzia ndo anakula faida yote mimi nabaki na kazi ya kutundika nguo kwenye henga. Nimejikusanya nimepata mtaji wa kwenda mwenyewe, soko la nguo la Pratunam, ndo nalisikia kila siku. Shida iko nyumbani. Mume wangu hajakataa moja kwa moja ila kila jioni ananitumia vivideo vya watu waliotekwa Thailand wakapelekwa Myanmar, mama mkwe kaambiwa huko kwenye jumuiya kwamba wanatoa watu figo, na shoga angu anasema ukishuka tu airport wakiona mweusi wanajua umebeba unga. Hata sijui nianze kuogopa kipi.

Naomba wenye uzoefu, sio wa kusikia. Mwanamke peke yake na dola mkobani anatoboa? Usiku panatembeleka? Sehemu gani nisikanyage?

Halafu kabla sijasahau, mdogo wangu wa kiume kamaliza chuo, IT, yuko tu home, sasa kuna kaka kampata WhatsApp anamwambia ipo kazi ya huduma kwa wateja hukohuko Bangkok, dola 1,200 kwa mwezi, chumba na chakula bure, tiketi wanakata wao, kwa hiyo tulikuwa tunapanga tuondoke pamoja anisindikize. Asanteni.

kijana_wa_tandika
Mtu umeshinda Kariakoo na vibaka wa Panya Road wote hao unaogopa Bangkok 😂😂 nenda bhana utuletee na sisi tisheti

Mzee wa Mizigo
Dada karibu chamani, huyo hapo juu msamehe ila ana ka ukweli. Vibaka wa kukuwekea kisu shingoni Pratunam mimi sijakutana nao na pale nimekaa sana. Weusi tumejaa, Wanigeria, Wakongo, Wakenya, sisi wenyewe, utasikia Kiswahili mpaka usahau uko ugenini. Ukishuka airport ya Suvarnabhumi usihangaike na taksi, kuna treni inaitwa Airport Rail Link nauli haizidi baht 45, shuka Ratchaprarop ni kituo kimoja kabla ya mwisho, unatokea palepale nyuma ya hoteli ya Indra, hoteli za wafanyabiashara zipo kila kichochoro. Ukilazimika taksi hakikisha mita imewashwa inaanzia baht 35, wa airport wanaongeza 50 ya kwao halali kabisa, akikutajia bei mdomoni shuka. Wa pale Pratunam mita huwa "imeharibika" jioni zote, tumia app ya Grab au Bolt uone bei kabla.

Hela badilisha kwenye duka la SuperRich kule barabara ya Ratchadamri ukivuka mfereji tu, noti za mia mia mpya ndo zina reti nzuri, za zamani zilizokunjwa kunjwa wanakukata. Usitembee na mtaji wote, acha kwenye sefu ya chumbani, toka na ya siku hiyo. Kuchomolewa pochi kwenye msongamano kupo, ila hicho hata Kariakoo unakijua.

Kobe_Mkavu
Wakuu hivi mmesoma aya yake ya mwisho au mmerukia kwenye reti za dola?

Dada sahau mambo ya vibaka kwanza. Huyo mdogo wako ASIONDOKE. Kazi ya huduma kwa wateja, mshahara mnono, tiketi wanakata wao, umepata WhatsApp, hiyo ndo ile ile ambayo mumeo anakutumia video zake, nyie mnaangalia video halafu mnamfungia mtoto begi!!

Njoro wa Nakuru
Kobe umenitoa maneno mdomoni. Dada mimi niko Kenya, sisi hii kitu imetuuma sana. Kijana wa mtaa wetu aliahidiwa hivyohivyo, Bangkok, kompyuta, dola. Pale airport alipokelewa na dereva ameshika karatasi ya jina lake, akawekwa kwa gari, akadhani hoteli iko karibu kumbe waliendesha usiku kucha kuelekea magharibi, wakavushwa mto kwa mtumbwi na huko ng'ambo ni Myanmar, Myawaddy, chini ya watu wenye bunduki. Pasipoti ikachukuliwa. Kazi yenyewe ni kukaa kwa kompyuta ukijifanya msichana mrembo unatapeli wazee wa Marekani na Ulaya, usipofikisha kiwango unapigwa, ukitaka kutoka familia ilipe fidia. Mwaka jana Februari 2025 walitolewa watu kama 260 kwa mara moja, wengi Waethiopia, Wakenya na Waganda walikuwemo. Hiyo ni baada ya serikali ya Thailand kukatia zile kambi umeme na mafuta na intaneti mwezi huohuo, na hiyo nayo ni kwa sababu Januari alipotea mwigizaji wa Kichina Wang Xing akapatikana hukohuko, Wachina wakaanza kufuta safari ndipo serikali ikashtuka. Sisi tungelia mpaka leo.

Bangkok yenyewe haina shida, hao vijana Bangkok huiona kupitia dirisha la gari tu.

MamaShani_Kkoo
Jamani mmenitoa jasho. Ila mbona mkataba tumeuona, una mhuri na nembo ya kampuni kabisa, na kijana amefanyiwa intavyuu ya video na Mchina mmoja mstaarabu tu? Mdogo wangu ananiambia watu wa humu wivu.

Kobe_Mkavu
Mhuri hata Kariakoo unachongewa ukisubiri chai. Muulize huyo kaka vitu viwili: anaingia na viza gani, na ofisi iko mtaa gani. Anayeenda kuajiriwa anatakiwa aombe viza ya kazi kabla hajaondoka, aina ya Non-B, na kampuni inahusika kumtolea makaratasi. Akisema "ingia tu kama mtalii tutabadilisha hukohuko" umeshapata jibu.

wa_Mererani
Sisi wa mawe ya vito tuko upande wa Silom, mtaa wa Mahesak ndo soko la madalali, Bangkok na sisi tumezoeana muda. Niongezee upande wa matapeli maana mji ule hawakunyang'anyi, wanakuchekea. Utakuwa unatembea karibu na Grand Palace, kasri la mfalme, anakuja mzee kavaa vizuri Kiingereza safi, anakwambia leo kumefungwa kuna sherehe ya watawa, ila kuna bajaji ya baht 20 itakuzungusha mahekalu yote. Uongo mtupu, Grand Palace inafunguliwa karibu kila siku saa mbili na nusu asubuhi, nenda mlangoni ujionee. Ile bajaji inaishia kwenye duka la vito, unaambiwa leo ndo siku ya mwisho ya punguzo la serikali, nunua yakuti ukauze kwenu mara mbili. Nimemkuta Mtanzania mwenzetu kabeba yakuti za hivyo anataka nimtafutie mteja, nilipomwangalizia ni bora angenunua karanga. Mtu unatoka nchi ya tanzanite unaenda kuuziwa mawe na dereva wa bajaji??

Na wale wa "unatoka nchi gani, aah Tanzania, dada yangu ni nesi anakuja kufanya kazi Dar karibu nyumbani umtoe wasiwasi", ukifika nyumbani kuna mjomba na karata mezani. Usiende.

Mchungu_wa_Pilipili
Tusimpambe sana mwenzetu. Bangkok bunduki zipo, 2023 mtoto wa miaka 14 alipiga watu risasi ndani ya Siam Paragon, mall kubwa kabisa ile, na Julai 2025 soko la Or Tor Kor jamaa kaua watu watano kisha akajiua. Hizo mnazirukaje?

Mzee wa Mizigo
Hatuziruki mkuu, zimetokea. Ila anayeenda kununua madera halali akiwaza hizo ataogopa na daladala. Kitakachomgusa yeye kila siku ni pikipiki zinazopanda juu ya njia ya waenda kwa miguu, angalia pande zote hata ukiwa juu ya njia hiyo.

Dada Zai
Naongea kama mwanamke mwenzio. Usiku Pratunam na barabara zinazopita treni ya juu, BTS, natembea saa nne saa tano na mifuko mikononi, kule wamama wenyewe wanauza chakula barabarani mpaka usiku mnene, sio kama kwetu ikifika saa moja unakumbatia mkoba. Sukhumvit soi 3 kule Nana usiku ni mambo ya starehe, ukipita peke yako utaulizwa bei, huumizwi ila unakereka. Usiache kinywaji mezani basi.

Sasa kile ambacho hawa wanaume hawajakwambia, shoga yako wa unga hajakosea kabisa. Sio kwamba utakamatwa, ila unaangaliwa. 2018 kulikuwa na misako ya wageni, ngozi nyeusi ndo zilisimamishwa kwanza, na mpaka leo polisi anaweza kukusimamisha njiani Mzungu wa pembeni yako anapita. Yaani wewe unawaogopa wao na wao wanakuogopa wewe. Tembea na pasipoti, na kopi ya ukurasa wa muhuri kwenye simu, jibu kwa upole na tabasamu, ukipandisha sauti umeharibu. Namba ya polisi wa watalii ni 1155, Kiingereza wanaongea. Viza usipitilize hata siku moja, faini baht 500 kwa kila siku. Kadi ya homa ya manjano usiisahau, Tanzania tunadaiwa, na fomu ya kuingia siku hizi unajaza mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika.

Na begi la mtu USIBEBE. Awe dada wa kanisani, awe anakulipia kilo, awe anasema ni nywele tu. Magereza yao yana dada zetu wa Afrika waliobeba "nywele tu".

MamaShani_Kkoo
Dada Zai Mungu akubariki, hayo ndo nilikuwa natafuta. Nimerudi na majibu ya yule kaka. Viza kasema mtalii. Ofisi hakutaka kusema, mdogo wangu akakazana, ndo kaandika Mae Sot, eti mji uko nje kidogo ya Bangkok, kama Dar na Kibaha.

Njoro wa Nakuru
Mae Sot ni karibu kilomita 500 kutoka Bangkok. Iko mpakani kabisa, Myawaddy unaiona ng'ambo ya mto.

kijana_wa_tandika
Kibaha ya wapi hiyo 😳 dada ficha pasipoti ya dogo

MamaShani_Kkoo
Pasipoti ninayo mimi, kanuna hali chakula ila atakula. Kampa mwenzake wa chuo namba ya huyo kaka, na huyo nasikia kakatiwa tiketi ya wiki ijayo, hapa natafuta namba ya mama yake.

Kobe_Mkavu
Mpigie leo leo. Usimwachie dogo ndo ampigie.

Dada Zai
Na mzigo wako usiwape cargo kwa kuambiwa mdomoni, pima kilo uko palepale na risiti iandikwe jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti. Kwenye mall ya nguo ya Platinum hapo Pratunam ukichukua kuanzia pisi tatu duka moja wanakupa bei ya jumla, ila soko la nje la asubuhi ni rahisi zaidi, amka mapema.