Mama amepooza, niko nae peke yangu, ndugu wanatuma hela tu. Nifanyeje?

kitindamimba_muheza:
Habari zenu wadau. Tumezaliwa watano mimi ndo wa mwisho, mama ana miaka 74, mwaka jana mwezi wa nane alipata kiharusi upande wote wa kulia ukalala na mdomo ukapinda. Nilikuwa Kariakoo nauza duka la vipodozi, kikao cha familia kikasema we hujaolewa rudi ukae na mama. Sikukataa, ni mama yangu na nampenda mnooo. Ila nimechoka jamani, mgongo unauma, usingizi sina, kaka mkubwa anatuma elfu hamsini kwa mwezi af akipiga simu anauliza mama kala nini kama ananikagua, na pakiti ya pampasi za watu wazima siku tatu imeisha. Kinachoniumiza zaidi ni usiku, akijikojolea haniiti, anavumilia mpaka asubuhi ili nisiamke, namkuta kashika shuka kwa ule mkono mzima machozi yanamtoka. Na juzi nimeona hapo juu ya makalio ngozi imekuwa nyeusi zaidi na ukigusa ni ya moto. Nyie wenye wazazi wa hivi mnafanyaje?

nesi_wa_zamu:
Pole sana mdogo wangu. Naanza na hiyo ngozi, hicho ni kidonda cha kulala kinaanza, usipasugue wala usipakande, mpeleke wakapaangalie mapema kabla hapajachimbika. Mgeuze kila masaa mawili, kulia na kushoto, asilalie hapo palipoanza, weka mto katikati ya magoti na mwingine chini ya miguu visigino visiguse godoro. Mkipata godoro la upepo vizuri ila kumgeuza kuko palepale. Kuhusu mgongo wako, tandika shuka iliyokunjwa chini yake kutoka mabegani mpaka mapajani, mtu huku mtu huku mnashika pembe mnamsogeza, na msimvute kwa ule mkono uliolala maana bega linachomoka kirahisi. Kula akae wima kabisa, kijiko kidogo kidogo, uji mzito unampita vizuri kuliko chai maana ya majimaji ndo yanampalia, akimaliza akae nusu saa kwanza. Na siku ukiona ghafla anaongea vitu havieleweki au hakutambui usiseme ni uzee, wahi hospitali, wakapime na mkojo, wazee UTI inawaanzia kichwani.

Babu_wa_Moshi:
Dada mimi nimemuuguza mzee wangu miaka minne mpaka alipotutoka. Ndugu wa mbali hawaoni, hilo ndo tatizo, we ukisema "anaendelea vizuri" wao wanalala. Nilichofanya nilinunua daftari nikaandika kila kitu, pampasi, dawa za presha, sabuni, bodaboda ya kliniki, na saa nilizoamka usiku, kila Jumapili napiga picha natupia kwenye grupu la familia bila kumsema mtu. Mwezi wa pili wenyewe wakaitisha kikao. Usiwaombe hela peke yake, omba ZAMU, kila mmoja aje wiki mbili alale chumba kimoja na mama. Na kama kuna ndugu yako mtumishi wa serikali, anaruhusiwa kumuandikisha mama bima ya afya ya NHIF kama mtegemezi wake, muulize kama keshafanya.

mama_T_UK:
Nimesoma nimelia. Mimi ndo huyo ndugu anaetuma hela. Niko Uingereza nafanya kazi nyumba ya wazee, nawaogesha wazazi wa watu, nawalisha, na mzee mmoja tunamnyanyua watu wawili na mashine, masaa 12 yakiisha navua gloves narudi kwangu kulala. Mdogo wangu Tanga anamnyanyua baba yetu peke yake na zamu yake haiishi. Miaka yote niliona natimiza wajibu kwa kutuma pesa, mpaka nilipokuja likizo nikakaa nae wiki tatu, siku ya nne nilisinzia nimekaa na bakuli mkononi. Toka hapo tunamlipa binti wa kusaidia kila siku asubuhi, na kila mwaka nikija likizo yangu ni ya baba, mdogo wangu anaondoka nyumbani kabisa akapumzike. Mwambie kaka yako aje. Asikwambie hana nafasi, mama ni wa wote.

dullah_unguja:
Huku kwetu Zanzibar tangu 2016 mzee akitimia 70 anapata pensheni jamii, ilianza elfu 20 kwa mwezi ikapandishwa hadi 50. Haitoshi, ila bibi yangu angalau sabuni na maziwa hamuombi mtu. Bara nako ingefaa iwepo, mzee akiwa na chochote chake hata namna anavyoongea na wanawe inabadilika.

kitindamimba_muheza:
Asanteni, sikutegemea. Zahanati wamepaangalia hapo juu ya makalio ya mama, hapajachanika, wamesema hivyo hivyo alivyosema nesi. Shuka nimeijaribu na binti wa jirani, mama kageuka bila kulia. Daftari nimetuma, kaka hajajibu kwenye grupu ila kanipigia, anakuja tarehe 20 na wifi. Mama hawezi kuniita kwa sauti kubwa, kwa hiyo nimemuwekea kikombe cha bati upande wa mkono mzima, nikamuomba akilowa agonge kitandani, nikamwambia mama mi sichoki kuamka, nachoka kukukuta umelowa. Jana saa tisa usiku kagonga.